Rupert Gould

Rupert Thomas Gould (16 Novemba 1890 – 5 Oktoba 1948) alikuwa afisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, mwandishi na mtangazaji wa redio. Anakumbukwa hasa kwa kukarabati saa nne za baharini zilizoundwa na John Harrison katika karne ya 18. Saa hizo alizikuta chafu, zimeshikwa na kutu na zimesimama. Aliifanya kazi hiyo kwa hiari, bila malipo na bila mafunzo rasmi ya ufundi wa saa, tangu 1920 hadi 1933. Leo saa hizo ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa zaidi katika Paoneaanga pa Kifalme pa Greenwich, London.

Maisha ya awali

Gould alizaliwa Southsea, sehemu ya mji wa bandari wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza. Baba yake, William Monk Gould, alikuwa mwalimu wa muziki, mpiga kinanda na mtunzi wa nyimbo. Rupert alikuwa mtoto wa pili. Alikuwa na kaka mmoja.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia chuo cha Jeshi la Majini cha Dartmouth kama mwanafunzi wa uafisa. Baada ya masomo alitumwa kwenye Bahari ya Mediteranea na baadaye China. Alijielekeza katika uongozaji wa meli, yaani kazi ya kujua chombo kiko wapi baharini na kukipangia njia. Kazi hiyo ilihitaji hesabu, ramani, kupima urefu wa jua na nyota, na saa ya kuaminika. Hivyo alizifahamu saa za baharini kwa kuzitumia, miaka mingi kabla ya kufungua hata moja.

Ugonjwa na kazi ya ofisini

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Gould alipatwa na ugonjwa mkali wa akili uliotokana na msongo, akalazimika kupewa likizo ya matibabu. Hakurudi tena kwenye utumishi wa melini. Kwa kijana aliyetayarishwa tangu utotoni kuwa afisa wa meli, huo ulikuwa mwisho wa njia aliyoichagua. Ugonjwa wenyewe ulimrudia mara kadhaa katika maisha yake.

Baada ya kupata nafuu alipangiwa kazi London, katika idara ya Jeshi la Majini inayoshughulikia upimaji wa bahari na utengenezaji wa ramani. Huko alijijengea ujuzi mkubwa wa historia ya ramani, ya usafiri wa baharini na ya safari za uvumbuzi kwenye maeneo ya ncha za Dunia. Mwaka 1919 aliwekwa kwenye orodha ya maafisa wastaafu, akiwa na cheo cha Luteni Kamanda. Karibu na wakati huo alianza kukusanya habari kwa ajili ya kitabu kuhusu historia ya saa za baharini. Utafiti wa kitabu hicho ndio uliomfikisha kwenye saa za Harrison.

Saa za Harrison na tatizo la longitudo

Ili kuelewa thamani ya kazi ya Gould ni lazima kuelewa kwanza kwa nini saa hizo ziliundwa.

Baharia anaweza kujua latitudo yake, yaani umbali wake kutoka ikweta, kwa kupima urefu wa jua adhuhuri au wa nyota fulani usiku. Longitudo ni ngumu zaidi, kwa sababu Dunia inajizungusha. Inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo tofauti ya saa kati ya mahali pawili huonyesha tofauti ya longitudo. Tuseme nahodha anaona jua liko juu kabisa, yaani kwake ni saa sita mchana, huku saa iliyorekebishwa kwenye bandari aliyotoka ikionyesha saa kumi alasiri. Tofauti ni saa nne. Basi yuko nyuzi 60 magharibi ya bandari hiyo.

Kanuni hiyo ilijulikana mapema, ila hakukuwa na saa ya kuitekeleza. Saa bora za zama hizo zilitumia pendulumu, na pendulumu haiwezi kufanya kazi vizuri ndani ya meli inayoyumba. Joto na baridi nazo zilibadilisha mwendo wa saa, na mafuta yaliganda au kuwa mepesi mno. Ajali zilikuwa nyingi. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly na zaidi ya watu elfu moja wakafa. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kutoa zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa yeyote atakayepata njia ya kujua longitudo baharini.

John Harrison (1693–1776) alikuwa seremala kutoka kaskazini mwa Uingereza aliyejifunza ufundi wa saa mwenyewe. Miongoni mwa saa alizounda ni zile nne ambazo siku hizi huitwa H1, H2, H3 na H4. Herufi H inatokana na jina lake, na ni Gould aliyezipa saa hizo majina hayo mafupi.

H1, iliyokamilika mwaka 1735, ina uzito wa takriban kilo 34. Badala ya pendulumu ina vyuma viwili virefu vyenye matufe kwenye ncha zake, vilivyounganishwa ili viyumbe kwa kuelekeana kinyume. Meli ikiyumba na kukiharakisha chuma kimoja, huchelewesha kingine kwa kiasi hicho hicho, na mwendo wa saa haubadiliki. Sehemu kadhaa ni za mti mgumu wenye mafuta yake wa asili, hivyo saa haihitaji kutiwa mafuta. Vipande vya shaba ya njano na vya feleji vilivyopangwa pamoja hufidia mabadiliko ya joto.

H2 ilifuata mwaka 1739. H3 ilimchukua Harrison karibu miaka 19. Ndani yake alivumbua beringi zenye viringisho vilivyozuiwa na fremu, aina ambayo bado inatumika katika mashine nyingi. Baada ya hapo alibadili kabisa mwelekeo. H4, iliyokamilika mwaka 1759, ni saa bapa ya duara yenye upana wa sentimita 13 na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Katika safari ya majaribio hadi Jamaika iliyoanza mwishoni mwa 1761, ilichelewa kwa takriban sekunde tano tu kwa muda wa siku 81.

Harrison alisumbuana na wasimamizi wa zawadi kwa miaka mingi. Mwaka 1766 saa zake kubwa tatu zilichukuliwa nyumbani kwake na kupelekwa Greenwich. Malipo yake makubwa ya mwisho, pauni 8,750, yalitoka Bungeni mwaka 1773, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Hali ya saa mwaka 1920

Gould alipokwenda kuziona saa hizo mwaka 1920, zilikuwa zimekaa mikononi mwa serikali kwa zaidi ya miaka 150. Zilitunzwa kama mali lakini hazikutunzwa kama mashine. Hakuna iliyokuwa ikifanya kazi. Shaba ilikuwa imefunikwa na kutu ya kijani na uchafu uliogandamana.

H1 ilikuwa katika hali mbaya kuliko zote. Ilikuwa imekosa kamani kuu na mapipa yake, minyororo, kamani za vyuma vya mizani, sehemu zinazoachia meno ya magurudumu moja baada ya jingine, na vifaa vya kuitia ufunguo. Kati ya magurudumu 24 ya kupunguza msuguano, matano hayakuwepo. Mpangilio wa vipande vya kufidia joto ulikuwa pungufu, na mkono wa sekunde ulikuwa umepotea.

Gould alimwomba Frank Dyson, Mwanaastronomia wa Kifalme na mkuu wa Greenwich, ruhusa ya kuzisafisha na kuzikarabati zote nne bila malipo. Ruhusa ilitolewa. Si jambo dogo: Dyson alikabidhi vitu visivyo na mfano duniani kwa mtu ambaye hakuwa fundi saa. Hata hivyo, karibu hakuna aliyekuwa akizijali saa hizo wakati huo, na Gould alikuwa tayari amesoma karibu kila kilichoandikwa kuzihusu.

Ukarabati

Alianza kwa kuisafisha H1. Kwa kutumia brashi ya kawaida ya kupangusia kofia aliondoa uchafu mwingi, na hapo ndipo ilipobainika ni kiasi gani cha mashine ya asili kilikuwa kimesalia. Hakujaribu kuiendesha wakati huo. Aliiweka kando akashughulikia nyingine, akijifunza namna Harrison alivyofikiri kabla ya kurudi kwenye saa iliyokuwa imeharibika zaidi.

Utaratibu huo ulimsaidia sana. Ukarabati wa H2 haukuwa mgumu mno. H4 ilidai mkono mwepesi kwa sababu ya udogo wa sehemu zake, zikiwemo za almasi zinazokutana na meno ya gurudumu. H3 ndiyo iliyomtesa. Ina vipande 753, na vingi vyake haviwezi kufikiwa bila kuondoa vingine kwa mpangilio maalumu. Gould alilazimika kuifungua na kuifunga tena mara nyingi, na kazi hiyo ilimchukua takriban miaka saba.

Mwisho alirudi kwenye H1. Kufikia wakati huo alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka kumi. Jambo moja lilimsaidia: Harrison aliiunda saa hiyo kwa pande mbili zinazofanana. Mahali ambapo kipande cha upande mmoja kilikuwa kimepotea, mara nyingi mwenzake wa upande wa pili alibaki, na kikaweza kuwa kielelezo cha kuunda kipya. Pale ambapo pande zote mbili zilikuwa tupu, Gould alitegemea alama zilizobaki kwenye fremu, michoro na maandishi ya zamani, na hesabu. H1 ilianza kutembea tena mwaka 1933, na kwa hiyo kazi nzima ikakamilika.

Namna alivyofanya kazi

Kazi hii iliendeshwa nje ya ajira yake. Gould hakuwa na karakana kubwa wala mwalimu wa kumsimamia. Alichokuwa nacho ni subira na tabia ya kuandika kila jambo. Aliacha madaftari 18 yenye michoro ya rangi iliyotengenezwa kwa uangalifu, vipimo, mpangilio wa kufungua na kufunga kila sehemu, na maelezo ya yale yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana.

Madaftari hayo yana faida mbili. Kwanza, fundi yeyote aliyekuja baada yake aliweza kufungua saa hizo bila kubahatisha. Pili, yanaonyesha ni sehemu zipi ni za Harrison na zipi ni za Gould. Mashine ya kale inapokarabatiwa bila kumbukumbu, baada ya kizazi kimoja hakuna awezaye kutenganisha kazi ya muundaji na ya mkarabati.

Ikumbukwe kwamba viwango vya siku hizi ni vikali zaidi. Makumbusho ya leo hupendelea kukigusa kitu cha kale kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na baadhi ya hatua alizochukua Gould zisingekubaliwa sasa bila mjadala mrefu. Lakini wakati wake chaguo halikuwa kati ya ukarabati wake na ukarabati bora zaidi. Lilikuwa kati ya ukarabati wake na kuendelea kuoza.

Kitabu cha saa za baharini

Mwaka 1923, ukarabati ukiwa bado mwanzoni, Gould alichapisha The Marine Chronometer: Its History and Development. Kitabu hicho kinaeleza historia ya saa za baharini tangu majaribio ya kwanza hadi karne ya 20, na kwa miaka mingi kilikuwa rejeo kuu la somo hilo. Bado kinatumiwa na watafiti. Mwaka 1935 alitoa mhadhara kuhusu Harrison na saa zake mbele ya Jumuiya ya Utafiti wa Mambo ya Bahari, ambao ulichapishwa mwaka huo huo.

Ndoa na familia

Mwaka 1917 Gould alimwoa Muriel Hilda Estall. Walipata wana wawili. Mmoja wao, Cecil Gould (1918–1994), alikuja kuwa mwanahistoria wa sanaa na mtunzaji katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London.

Ndoa hiyo haikudumu. Saa zilizotapakaa nyumbani, usiku mwingi wa kazi isiyoleta kipato, tabia yake isiyo ya kawaida na ugonjwa uliokuwa ukimrudia viliongeza mvutano. Mwaka 1927 mahakama ilitoa amri ya wanandoa hao kutengana. Gould alibaki bila maisha ya familia na akapitia kipindi kigumu. Baadaye aliishi na mama yake huko Leatherhead, kusini mwa London. Nusu ya pili ya ukarabati, ikiwemo sehemu kubwa ya kazi ya H3 na yote ya mwisho ya H1, aliifanya baada ya pigo hilo. Wengi walioandika kuhusu maisha yake wanaona kwamba saa hizo zilikuwa sehemu ya sababu ya kuvunjika kwa nyumba yake, na pia ndizo zilizomsaidia kusimama tena.

Shughuli nyingine

Gould alikuwa mtu wa mambo mengi. Alikuwa na kimo cha karibu mita 1.93, alivuta kiko, na alisifika kwa kumbukumbu pana kupita kawaida. Aliandika vitabu kuhusu mafumbo ya historia na ya sayansi: Oddities (1928) na Enigmas (1929). Mwaka 1930 alitoa The Case for the Sea-Serpent, kuhusu habari za mabaharia waliodai kuona nyoka wakubwa wa baharini.

Mwishoni mwa 1933, muda mfupi baada ya kumaliza kazi ya H1, alisafiri kwa pikipiki kuzunguka ziwa la Loch Ness huko Uskoti akiwahoji watu waliosema wameona mnyama wa ajabu ziwani. Mwaka uliofuata alichapisha The Loch Ness Monster and Others, kitabu cha kwanza kamili kuhusu habari hiyo. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kulikuwa na mnyama halisi. Hakuna uthibitisho wa kisayansi uliowahi kupatikana, na sehemu hii ya maandishi yake haipewi uzito ule wa kazi yake ya saa.

Alikusanya pia mashine za kuandikia za zamani na kuandika kitabu kuhusu historia yake, kilichotoka baada ya kifo chake. Alikuwa mwamuzi wa mchezo wa tenisi kwenye mashindano ya Wimbledon. Katika redio ya BBC alizungumza na watoto katika kipindi chao, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki katika Brains Trust, kipindi kilichopendwa sana ambamo wasomi walijibu maswali ya wasikilizaji.

Miaka ya mwisho

Katika miaka yake ya mwisho Gould aliishi kwa muda Barford St Martin, kijiji karibu na Salisbury. Saa ya mnara wa kanisa la kijiji hicho ilikuwa imesimama; aliitengeneza ikafanya kazi tena. Mwaka 1947 Taasisi ya Ufundi wa Saa ya Uingereza ilimtunuku nishani yake ya dhahabu, heshima kubwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa fundi wa kulipwa.

Alifariki tarehe 5 Oktoba 1948 huko Canterbury kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 57.

Urithi

Saa za Harrison ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Uingereza, yaliyofunguliwa mwaka 1937, na zinaonyeshwa Greenwich. H1, H2 na H3 hutiwa ufunguo na kutembea mbele ya wageni. H4 imewekwa ikiwa imesimama kwa makusudi: tofauti na wenzake inahitaji mafuta, na kuiendesha mfululizo kungeilazimu kufunguliwa mara kwa mara na hivyo kuchakaa.

Mwaka 1995 mwandishi wa Marekani Dava Sobel alichapisha Longitude, kitabu kilichoieneza habari ya Harrison duniani kote na kutaja mchango wa Gould. Filamu ya televisheni iliyotokana na kitabu hicho ilionyeshwa mwaka 2000. Inasimulia maisha ya Harrison na ya Gould kwa kupokezana. Michael Gambon aliigiza kama Harrison na Jeremy Irons kama Gould. Mwaka 2006 Jonathan Betts, mtunzaji wa saa huko Greenwich aliyezihudumia saa hizo hizo kwa miaka mingi, alichapisha wasifu kamili wa Gould uitwao Time Restored.

Gould hakuvumbua saa mpya wala nadharia mpya ya upimaji wa muda. Mchango wake ni kwamba uvumbuzi wa mtu mwingine, uliokuwa ukielekea kubaki katika vitabu tu, unaweza hadi leo kuonekana ukifanya kazi, na kwamba madaftari yake yanawawezesha mafundi wa sasa kuendelea kuutunza.